Mlango Wazi Usiopitisha Masizi: Kinasavumbi cha Umeme na Haja ya Kukieleza kwa Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa panapofuka moshi pana moto. Sisi tuliokulia katika Uwanda wa Kano, mashariki ya jiji la Kisumu, tuna nyongeza yetu: panapofuka moshi pana masizi, na masizi hayachagui nguo. Ningali nakumbuka jinsi mama alivyokuwa akiitazama anga kabla ya kuanika kitu chochote. Msimu ambapo kiwanda kimoja cha sukari kilikuwa kikisaga miwa, chembe nyeusi zilitua juu ya shuka, juu ya mtama uliotandazwa jamvini na juu ya maji ya mvua tuliyoyakinga kwa mapipa. Tulizipangusa, tukaendelea na shughuli zetu. Hatukujua wakati huo kwamba chembe tulizoziona hazikuwa za kutisha sana. Za kutisha zaidi ni zile ambazo jicho haliwezi kuziona.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mwanafunzi wa Kiswahili, nilihudhuria baraza la wanakijiji ambapo mwekezaji mmoja alikuwa akieleza mradi wake. Mtaalamu aliyeandamana naye alitaja kwa Kiingereza jina refu la mtambo utakaousafisha moshi. Alipoona nyuso zetu hazibadiliki, akajitahidi kulifasiri: “Ni kichujio cha kisasa.” Mzee mmoja akasimama, akavua kofia, akasema: “Mwanangu, nimekusikia. Chujio la chai nyumbani kwangu likiziba, chai haipiti. Hilo lako likiziba, moshi utapita wapi?” Watu walicheka. Mtaalamu naye akacheka, akajibu: “Mzee, halitaziba.”

Mtaalamu alisema kweli. Hata hivyo, jibu lake lilimketisha mzee bila kumwelimisha, kwa sababu mzee alikuwa amepewa neno lililomwelekeza kwenye hatari isiyokuwapo na kumficha iliyopo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mtambo huo unavyofanya kazi, na papo hapo kuonyesha kwamba uteuzi wa istilahi si pambo la wanaisimu. Neno tunalompa mwananchi ndilo linaloamua atauliza swali gani.

Chembe zinazoelea

Moshi ni mchanganyiko wa gesi na chembe ndogo za yabisi au za kimiminika. Wataalamu wa afya huzipima chembe hizi kwa mikromita, yaani sehemu moja ya milioni ya mita. Zile zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5 ndizo huitwa chembe laini. Unywele wa mtu una unene wa mikromita 50 hadi 70 hivi, kwa hiyo zaidi ya chembe 20 za ukubwa huo zinaweza kupangwa sambamba juu ya unene wa unywele mmoja. Kwa udogo wake, hupita puani na kooni bila kunaswa, zikafika kwenye vifuko vya hewa ndani ya mapafu, na zile ndogo zaidi huweza kuingia katika damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba wastani wa chembe hizi kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa.

Kwa nini zisiachwe zianguke zenyewe? Jivu zito huanguka upesi, na ndilo lililokuwa likichafua shuka za mama. Lakini chembe ya mikromita 1, hata katika hewa iliyotulia kabisa, huweza kuchukua takriban saa 8 kushuka mita moja tu. Nayo hewa ya mwambao wa Ziwa Viktoria haitulii. Alasiri upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, ukavuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Uwanda wetu nao umezungukwa na miinuko: kwa kaskazini ni mteremko mkali wa Nandi, na kwa kusini ni uwanda wa juu wa Nyabondo. Chembe iliyotoka katika dohani moja inaweza kupelekwa na kurudishwa kabla ya kupata pa kutua. Basi ni lazima inaswe kabla ya kutoka, na itafutwe nguvu iliyo kubwa kuliko ya uzito wake.

Umemetuli: nguvu tunayoijua tayari

Nguvu hiyo ni umemetuli, na hakuna msomaji wa makala haya asiyeijua. Mwanafunzi wa shule ya msingi husugua kalamu ya plastiki kwenye nywele zake kavu, akaisogeza karibu na vipande vidogo vya karatasi, navyo vikaruka kuifuata. Waliowahi kumiliki televisheni za zamani zenye mgongo mnene watakumbuka kwamba kioo chake kilikusanya vumbi kupita kitu kingine chochote sebuleni, na kwamba mkono uliokisogelea ulihisi vinyweleo vikisimama. Kalamu ile na kioo kile vilikuwa na chaji, na chaji huvuta vitu vyepesi.

Tunachohitaji ni kulifanya tendo hilo kwa nguvu zaidi, bila kukoma, na kwa moshi unaopita. Hufanywa kwa hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kuipa hewa chaji. Moshi unaotoka tanurini huelekezwa katika chumba kikubwa cha chuma, ambamo mabamba mapana yamesimamishwa kwa safu kama mapazia. Nafasi kati ya bamba na bamba aghalabu ni sentimita 30 hadi 40. Katikati ya kila nafasi hiyo hutundikwa nyaya nyembamba. Umeme wa majumbani nchini Kenya ni wa volti 240. Nyaya hizi hupewa makumi ya maelfu ya volti, kwa kawaida za upande hasi. Kwa kuwa waya ni mwembamba, nguvu ya umeme husongamana kandokando yake hadi hewa inashindwa kustahimili. Hutokea mng'ao hafifu wa rangi ya samawati na sauti ya kuchachatika. Huyu ni ndugu mdogo wa radi, isipokuwa umeme haurushwi kwa cheche moja kubwa, bali huvuja polepole. Elektroni zinazotoka hapo hushikamana na molekuli za gesi, zikaziunda ioni hasi.

Hatua ya pili ni kuipa chembe chaji. Ioni hizo zinapokimbia kutoka wayani kwenda bambani hukutana njiani na chembe za moshi, zikaganda juu yake. Chembe iliyoingia haina chochote sasa imebebeshwa chaji hasi.

Hatua ya tatu ni kuivuta. Bamba limeunganishwa na ardhi, na kwa waya ule ni kama upande chanya. Chembe yenye chaji hasi husukumwa na waya na kuvutwa na bamba. Gesi haijali mvuto huu. Inaendelea na safari yake kuelekea dohani kwa mwendo wa takriban mita moja kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Mwendo huo wa polepole ni wa makusudi, ili chembe ipate muda wa kuvuka kwenda pembeni kabla ya chumba kwisha.

Hatua ya nne ni kulikusanya vumbi. Chembe hujipanga juu ya bamba, tabaka juu ya tabaka. Kila baada ya muda nyundo hugonga mabamba, nalo vumbi huanguka kwa mapande hadi katika vihori vyenye umbo la faneli vilivyo chini ya chumba, likachukuliwa. Pigo likiwa hafifu, vumbi halianguki. Likiwa kali mno, vumbi hutawanyika tena katika gesi. Hata nyundo inahitaji busara.

Hesabu ya kile kinachobaki

Mitambo iliyoundwa na kutunzwa vyema hunasa zaidi ya asilimia 99 ya uzito wa vumbi. Msomaji asiishie kwenye tarakimu hiyo. Wakazi hawavuti kile kilichonaswa, huvuta kilichopita. Mtambo wa asilimia 99 hupitisha gramu 10 katika kila kilo moja ya vumbi, ilhali wa asilimia 99.9 hupitisha gramu 1. Katika maneno ya mtangazaji tofauti hiyo ni ndogo. Katika kifua cha mtoto ni mara kumi.

Ndiyo maana vyumba hupangwa kwa mfululizo. Tuseme kila chumba kinanasa asilimia 90 ya kile kinachokifikia. Katika gramu 1,000, cha kwanza hubakisha 100, cha pili 10, cha tatu 1. Sasa tuseme umeme umekatika katika chumba kimoja. Viwili vinavyosalia vitabakisha gramu 10. Mtambo bado “unafanya kazi”, lakini uchafu unaotoka umeongezeka mara kumi.

Aidha, si chembe zote hunaswa kwa urahisi. Kubwa hubeba chaji nyingi, zikavutika vizuri. Ndogo mno hubeba chaji kidogo, lakini hewa haizizuii sana, hivyo nazo huvutika. Zinazosumbua ni za katikati, baina ya mikromita 0.1 na 1, na hizi zimo katika kundi lilelile linaloingia mapafuni. Ukinzani wa vumbi pia una neno lake. Vumbi lisilopitisha umeme kabisa hukaa bambani na chaji yake, likazuia chembe mpya. Vumbi linalopitisha umeme mno hupoteza chaji mara linapoligusa bamba, likaachilia na kurudi hewani. Viwanda vya sukari huchoma makapi ya miwa yaliyokwisha kukamuliwa ili kupata mvuke na umeme. Makapi yakiwa na unyevu mwingi huungua vibaya, moshi ukajaa kaboni, nayo kaboni ni ya aina hii ya pili. Kwa hiyo usafi wa moshi huanzia tanurini, katika uchomaji wenyewe.

Chanzo chake kilikuwa malalamiko

Mtambo huu haukuzuka kwa siku moja. Mwaka 1824 Mjerumani M. Hohlfeld wa Leipzig alionyesha kwamba ncha yenye umeme huweza kuondoa moshi uliofungiwa ndani ya chupa. Miaka ya 1880 mwanafizikia Mwingereza Oliver Lodge alijaribu jambo hilo katika kiwanda cha kuyeyushia risasi huko Bagillt, kaskazini mwa Wales. Jaribio lilishindwa, kwa kuwa mashine za umeme za wakati huo hazikuwa na nguvu ya kutosha.

Aliyefaulu ni Frederick Gardner Cottrell, mkemia wa Chuo Kikuu cha California, Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1908. Inasimuliwa kwamba aliona waya uliofunikwa kwa pamba ukivujisha umeme vizuri kuliko waya mtupu, kwa sababu kila unyuzi wa pamba ulikuwa ncha ndogo. Katika Ghuba ya San Francisco kulikuwa na kiwanda cha kuyeyushia madini cha Selby, na wakazi wa Benicia, ng'ambo ya maji, walikuwa wakiulalamikia moshi wake. Kiwanda hicho kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuufunga mtambo wa Cottrell. Mwaka 1912 alianzisha shirika ambalo mapato ya hataza zake yalitumiwa kugharimia utafiti wa wanasayansi wengine.

Kisa hiki kina funzo kwetu. Mtambo ulihitaji mwanasayansi, lakini ulihitaji pia watu waliokaa kandokando ya maji, walioweza kusema kwa lugha yao ni nini kinachowadhuru.

Kwa nini kisiitwe kichujio?

Tumrudie mzee wa barazani. Kichujio, liwe chujio la chai au chekecheke la unga, hufanya kazi kwa kuzuia. Lina matundu, kilicho kikubwa kuliko tundu hubaki. Likilemewa huziba, na kuziba kwake hujulikana mara moja. Vipo vichujio vya vitambaa vinavyotumiwa viwandani, na hivyo vinastahili jina hilo.

Mtambo tunaouzungumzia hauna tundu la kuzuia. Njia yake iko wazi kutoka mwanzo hadi mwisho, na mtu angeweza kuona upande wa pili kati ya bamba na bamba. Huvuta, hauzuii. Basi hitilafu yake ni kinyume cha ile ya kichujio. Umeme ukikatika, mtambo hauzibi. Hunyamaza tu, na mlango hubaki wazi. Moshi hupita kama kawaida, kiwanda huendelea kusaga, na kama ni usiku hakuna ajuaye. Mzee aliuliza kuhusu kuziba kwa sababu aliambiwa “kichujio”. Laiti angaliambiwa kwamba ni kitu kinachonasa kwa umeme, angaliuliza lile ambalo kila mkazi wa mwambao huu angeliuliza bila kufundishwa: “Na stima zikipotea?”

Jina linalosema kazi

Wapo wanaotafuta jina kwa kulitafsiri neno la Kiingereza mzizi kwa mzizi. Mzizi wake una maana ya kuangusha au kunyesha, na katika kemia hutupeleka kwenye mashapo. Tukiufuata tutapata jina linalonuka mvua, wala halitamsaidia msikilizaji.

Kiswahili kina njia yake, nayo ni kuunganisha kitenzi na nomino chini ya kiambishi ki-. Tuna kipazasauti, kizimamoto, kipimajoto na kinasasauti. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa kinasasauti ni nini alipolisikia neno hilo mara ya kwanza. Napendekeza basi *kinasavumbi*, na palipo na haja ya kukitofautisha na vinginevyo, *kinasavumbi cha umeme*. Kitenzi *nasa* kinabeba sifa tunayoitaka: kinachonaswa hushikwa pembeni wakati njia ikiwa wazi, kama ndege aliyetua kwenye ulimbo.

Yamkini baadhi ya wanaisimu watasema kwamba uundaji wa istilahi ni kazi ya vyombo rasmi. Vyombo hivyo vimefanya makubwa. *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* ya TUKI (1990) ni ushahidi. Hata hivyo, wasemaji wenyewe hawajawahi kungoja. Viwanda vya kutayarisha minofu ya mbuta vilipoanza kuuza mifupa ya samaki iliyobaki na vichwa, wanawake wa mtaa wa Obunga, Kisumu, wakaikaanga na kuiuza. Chakula hicho kikaitwa *mgongo wazi*. Hakuna kamati iliyoketi. Jina lilitokana na kile jicho lilichokiona, na hadi leo halihitaji maelezo.

Kwa upande wa fasihi, utanzu unaotufundisha kazi hii ni kitendawili. Kitendawili hukieleza kitu kwa tabia yake bila kukitaja. Nami nategea: *Mlango wangu u wazi mchana kutwa, mgeni hupita, mzigo wake hubaki ukutani.* Mlango wazi ni nafasi kati ya mabamba. Mgeni ni gesi. Mzigo ni chembe. Ukuta ni bamba. Mwanafunzi aliyekitegua kitendawili hiki ameshaelewa hatua ya tatu ya mtambo, na ameelewa pia kwamba mgeni mwenyewe hakuzuiwa. Gesi zenye sumu, kama vile dioksidi ya salfa, hupita salama salimini. Kinasavumbi hunasa vumbi. Jina lake halidai zaidi ya hapo.

Mipaka ya mtambo

Tusije tukakisifu kupita kiasi. Kinasavumbi ni ghali, kinahitaji nafasi kubwa na umeme wa kuaminika. Wanawake wanaokaanga mgongo wazi Obunga, au wanaobanika samaki katika fuo za ziwa, huvuta moshi ulio karibu na nyuso zao kuliko moshi wa dohani yoyote, na mtambo huu si jibu lao. Jibu lao ni kuni kavu, tanuri bora, bomba la kutolea moshi na banda linalopitisha hewa. Ingekuwa dhihaka kuandika kuhusu mabamba ya chuma na kuwasahau.

Lakini pale palipo na dohani, sheria imempa mwananchi nafasi ya kusema. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kabla ya hapo, kanuni za tathmini ya athari za mazingira za mwaka 2003 zilikuwa zimeagiza kwamba matangazo ya redio kuhusu mradi unaopendekezwa yatolewe kwa lugha rasmi na kwa lugha za wenyeji. Mlango wa kuingilia barazani, basi, umefunguliwa. Kinachokosekana ni maneno ya kuingia nayo.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kinasavumbi cha umeme huipa chembe chaji, huivuta pembeni na kuikusanya, huku njia ya moshi ikiwa wazi. Na kwamba kukiita kichujio kunaificha hitilafu yake kuu. Ningependa mwanafunzi wa Kiswahili atakayealikwa kuwa mkalimani katika baraza kama lile awasaidie wazee wetu kuuliza maswali manne: Stima zikipotea, tanuri nalo huzimwa au huendelea kuwaka? Tanuri linapowashwa upya, kinasavumbi huanza kazi lini? Kuna vyumba vingapi mfululizo, na kimoja kikiharibika nani atatujulisha? Vumbi linalokusanywa hupelekwa wapi, lisije likarudi kwetu kwa njia ya mto?

Maswali hayo hayahitaji shahada ya uhandisi. Yanahitaji jina linaloeleweka. Mzee yule wa barazani alikuwa na akili ya kuyauliza yote. Sisi wenye kamusi ndio tuliochelewa kumpa neno.